Usichungulie Kidonda

Nianze na kaka yangu, maana hata nikimruka, huko mbele tutagongana naye tu. Mtaani wanamwita Lori. Anabeba dirisha zima begani, fremu na kioo chake, anapanda nalo ngazi mpaka ghorofa ya tatu huku anaongea na simu, na akifika juu hahemi. Ukimwona anavyopita mlangoni kwa upande, utadhani huyu akikohoa tu ukuta unaanguka. Basi huyo huyo, akiona damu ya kiasi cha tone, anayeanguka ni yeye. Simsingizii, ni kaka yangu wa tumbo moja. Anaanza kwa kumeza mate, midomo inabadilika rangi, halafu anatafuta mahali pa kushika, na kwa kuwa familia yetu inauza vioo, mahali pa kushika huwa hapana.

Mkewe, yaani wifi yangu, ndiye mkataji wa duka. Mafundi wenzake wanamwita Mkato Mmoja. Anaweka kioo mezani, anaweka rula, anachovya kikatio kwenye mafuta, kile chenye kigurudumu kidogo kichwani, kisha anavuta mstari kutoka ukingo mpaka ukingo bila kusita na bila kurudia. Ukirudia pale pale, kioo kinanuna na kuvunjika kinavyotaka chenyewe. Yeye harudii. Anagonga kidogo kwa chini, anakunja, na kioo kinaachana vipande viwili kama watu waliokubaliana. Akiwa pale mezani anaimba kwa pua, wimbo usio na maneno wala mwisho, na hapo hata ukimwambia nyumba inaungua atakuomba usubiri amalize kipande.

Mimi kazi yangu ni kukaa mbele, kupokea wateja na kugombana na wanaokuja na vipimo vya mikono. Mtu ananyoosha mikono tangu kwake, anatembea hivyo hivyo barabarani kama amekumbatia hewa, akifika kwangu anasema dirisha lake ni kama hapa mpaka hapa. Njiani ameshapiga chafya na kusalimia jirani. Namrudisha kwake akapime upya, ananinunia, maisha yanaendelea.

Sasa tatizo la nyumba yetu lilikuwa meza ile ya kukatia, na lilianza na marehemu baba. Duka lilikuwa lake. Siku moja kioo kilimkata kidole cha kati, si sana, na baba akafanya jambo ambalo fundi vioo peke yake ndiye angeweza kulifikiria. Alichukua silikoni, ile gundi nzito tunayozibia madirisha mvua isiingie, akakiziba kidonda. Akatuonyesha kwa majivuno, akakichovya kwenye ndoo, akasema maji hayapiti. Kweli maji hayakupita. Wala sabuni haikupita, kwa sababu alikuwa hajakiosha, na vumbi la kioo na uchafu wote wa karakana aliufungia ndani. Kidole kikavimba kikawa cha moto, mstari mwekundu ukaanza kupanda mkononi, na aliyempeleka hospitali ni kaka, kijana mbichi wakati huo. Yeye ndiye aliyekuwepo gundi ilipobanduliwa. Baba alirudi nyumbani bila kidole kile, na kaka alirudi na huo ugonjwa wake wa kuanguka.

Baba alipoona hashiki tena kikatio vizuri, alimfundisha kazi wifi. Kaka hakupenda, lakini nani angembishia baba? Baba alipofariki, ndipo kaka akatoa yake ya moyoni. Alisema mbele yetu sote kwamba siku atakayoona kioo kimemkata mkewe, meza ile inatoka dukani, anauziwa mwingine, na vioo vitakatwa na fundi wa mtaa wa pili. Huyo fundi wa mtaa wa pili, mwenzangu, anavunja vingi kuliko anavyokata. Lakini kaka alikuwa ameshazungumza naye kabisa, wameshapeana mikono. Na kaka akisema neno hana kawaida ya kulimeza.

Wifi alipangusa meza ile kwa kitambaa, akapangusa hata miguu yake, na nikajua kwamba mtu huyu ukimnyang'anya meza umemnyang'anya pumzi.

Nionyeshe basi fundi vioo asiyekatwa. Hayupo. Hata ukivaa glovu, kuna kipande cha mwisho utakachookota bila glovu kwa sababu ni kidogo, na hicho hicho ndicho chenye hila. Kwa hiyo wifi akawa anakatwa kwa siri na kupona kwa siri. Duka liko mbele, nyumba iko nyuma, katikati mlango mmoja, na kaka mchana kutwa yuko nje anafunga madirisha ya watu. Wifi akikatwa hapigi kelele. Anakunja ngumi, anasema neno moja tu, mlango, na mimi nafunga mlango wa mbele, nageuza kibao upande wa TUMETOKA KIDOGO, namfuata jikoni.

Kwanza maji. Anafungua bomba na kukiacha kidonda chini yake kwa muda mrefu kuliko uvumilivu wangu, maana vumbi la kioo halionekani na halina haraka ya kutoka. Sabuni anapaka pembeni, si ndani. Siku niliyomletea chupa ya spiriti aliniuliza kama tuna ugomvi. Alisema spiriti inaunguza hata ile nyama nzima inayojaribu kupona. Halafu anageuza kidole kwenye mwanga wa dirisha kutazama kama kuna kinachometameta. Kipande kikiwa kimeshika juu juu, anakitoa kwa kibano kilichochemshwa. Kikiwa kimezama, hachimbi, anakwenda zahanati, na huko anasema ukweli wote, kwa sababu daktari si mume wake.

Baada ya hapo ni kukandamiza, na hapo ndipo mimi na yeye tulipokuwa tunakosana. Kitambaa safi juu ya kidonda, mkono umeinuliwa, kisha unabana na kubana bila kulegeza, dakika kumi na ushee. Kubana ilikuwa kazi yangu, ili yeye apumzishe mkono wa pili. Mimi nina maradhi ya kuchungulia, nayakubali. Nikibana kidogo tu, nataka kujua mambo yamefikia wapi. Nainua pembe ya kitambaa, naona damu imeanza kuganda, na kwa kuinua huko huko imebanduka, inaanza kutoka upya.

"Usichungulie, wifi," ananiambia. "Hicho ni kidonda, si sufuria ya maharage."

Nabana tena, nakaza uso, nahesabu vigae vya ukutani. Vikifika vya juu kabisa mkono unaniwasha. Nachungulia.

Damu ikishatulia, anakausha ngozi ya pembeni, maana plasta na maji havielewani. Anakata plasta vipande vyembamba na kuvipunguza katikati viwe na kiuno. Anabandika upande mmoja, anasogeza midomo ya kidonda mpaka ikutane bila kupandana, ndipo anabandika upande wa pili. Anaanzia katikati kwenda kwenye ncha, anaacha upenyo kati ya kipande na kipande, na vyote vinakikatiza kidonda, havikifuati urefu wake. Juu anaweka shashi. Mikwaruzo isiyohitaji kufungwa anaipaka mafuta ya mgando kidogo na kuifunika. Kila siku anabadilisha, au mara tu shashi ikilowa. Kidonda kikiwa kimeachama na hakitaki kukutana, au damu haikomi, au ncha ya kidole imekufa ganzi, hapo hakuna ujanja, ni zahanati tena. Sindano ya pepopunda anayo, na tarehe yake anaikumbuka kuliko ya harusi yake. Vifaa vyote vilikaa kwenye kopo la biskuti, nyuma ya unga, mahali ambapo kaka hakuwahi kufika tangu azaliwe.

Plasta yenyewe, hata hivyo, huwezi kuificha nyuma ya unga. Kaka akaiona. Akauliza huku ameangalia dari, kwa usalama wake. Wifi akavaa miwani ya mbao, akasema ni kisu cha vitunguu.

Kaka akaamini. Wiki nyingine plasta ikahamia kidole gumba, kisu cha vitunguu. Ikahamia kiganjani, kisu cha vitunguu hicho hicho, alikuwa anamenya safari hii. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa kama shahidi wa kulipwa. Kaka akanunua kisu kipya. Akanunua kingine butu zaidi, ambacho hakikuweza kukata hata ndizi mbivu, na wifi akarudi na plasta mbili. Mpaka hapo nilikuwa nacheka. Sikujua mwenzetu anaumia moyoni.

Ikawa jioni moja, baada ya kula, kaka akasafisha koo. Akasema amefikiri sana. Akasema mkewe ni fundi mzuri, mkono wake dukani ni wa dhahabu, lakini jikoni ni wazi kwamba Mungu hakumjalia, na yeye kama mume hawezi kukaa tu akitazama mke anaisha vidole kwa ajili ya tumbo lake. Kwa hiyo kuanzia kesho vitunguu, nyanya, viazi na kila chenye kukatwa ni juu yake. Mkewe asiguse kisu tena katika nyumba hii. Alisema hayo kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake, na macho yalikuwa yamemlowa. Wifi aliinamia sahani. Mimi nilitoka nje, nikacheka mpaka nikashika ukuta, halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu nilitambua tumekwisha. Jikoni ndiko kulikokuwa hospitali yetu, na kisu ndicho kilichokuwa uongo wetu. Vyote viwili mwenye nyumba amevichukua.

Kopo tukalihamisha haraka, likaenda chini ya kiti changu dukani. Uongo hatukuwa na pa kuuhamishia. Wifi akaanza kukata kwa woga, na woga kwenye kioo ni balaa. Alisita mara moja katikati ya mstari, kioo cha meza ya mteja kikapasuka kinavyotaka, na wimbo wake wa puani ukakatika. Sikuwahi kumwona vile. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba bora meza iondoke tu kuliko kuishi hivi, na mimi nikamkaripia anyamaze, huku roho ikiniuma.

Chakula cha kaka nisikizungumzie sana, kwa heshima ya ukoo. Alikuwa anaunguza na kuacha kibichi kwa wakati mmoja, jambo ambalo mpaka leo sijui linawezekanaje. Tulikula tukasifu.

Basi Jumapili mchana tumekaa sebuleni, tukasikia jikoni kitu kama gunia la saruji limetupwa, kisha sufuria moja inazunguka sakafuni mpaka inatulia. Wifi aliruka kabla sijaelewa. Kaka alikuwa chali, amejaa sakafu nzima, nusu kitunguu kimebaki mkononi. Baadaye tulikuja kujua kwamba alitaka kukata kitunguu kama mkewe anavyokata kioo. Alikibana kwa vidole vilivyonyooka, akavuta kisu mara moja bila kusita wala kurudia. Kitunguu kilibingirika, kidole cha shahada hakikubingirika.

Wifi alimpapasa kichwa kuona kama amejigonga, akapandisha miguu yake juu ya ndoo iliyogeuzwa, miguu yenye uzito kama mizigo miwili tofauti, akaniagiza kopo. Nilisahau kwamba kopo ni siri. Nilikimbia dukani nikalileta. Alipokuwa anakimiminia kidole maji kwa jagi, kaka alifumbua macho. Nikasubiri afumbe tena. Hakufumba. Hakutazama kidole, alimtazama mkewe. Alimtazama anavyopaka sabuni pembeni, anavyogeuza kidole kwenye mwanga, anavyokiagiza kikunjwe na kunyooshwa, anavyogusa ncha na kuuliza kama anasikia. Wifi akanipa kitambaa nibane, nikabana, nikachungulia, nikatukanwa kidogo. Damu ilipokoma, alikata plasta viuno viuno, akaanzia katikati, akafunga kidonda kile bila hata kuinua macho.

Kaka akamtazama mkewe, akatazama kopo, shashi zilizokunjwa, kibano kwenye mfuko wake, mafuta ya mgando yaliyoisha nusu.

"Mke wangu," akasema, bado amelala sakafuni, "hayo yote umejifunza wapi?"

Hapo ningeweza kusema chochote. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Wifi alinizuia kwa jicho, akanawa, akakausha mikono, akaitandaza mbele ya uso wa mumewe. Mistari ya vidonda vya zamani ilikuwepo mingi, myembamba, ya rangi hafifu kuliko ngozi yake, usiyoiona mpaka uonyeshwe.

"Hivi vyote ni vitunguu?"

"Hakuna hata kimoja cha kitunguu."

Kisha wifi akasema yake, bila kulia na bila kupandisha sauti. Akasema alidanganya kwa sababu anaipenda meza ile, na mbele ya meza ile ndiko anakojisikia mtu. Akasema baba hakupoteza kidole kwa kukatwa na kioo.

"Alikipoteza kwa kutokiosha," akasema. "Mimi ninaosha. Hesabu vidole vyangu, mume wangu."

Kaka alivihesabu. Sitanii, alivihesabu kimoja kimoja kwa kugusa, kama mtoto anayejifunza, halafu akaomba msaada wa kuinuka. Tulimwinua. Akaenda kukaa nje. Hakusema meza inabaki wala meza inaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Kaka hakununa, lakini alinyamaza, na ukimya wa mtu mkubwa unajaza nyumba. Kila jioni alikuja kwa mkewe kubadilishiwa shashi, anaketi, anatoa kidole huku shingo ameigeuza upande wa pili, anauliza kama pamekuwa pekundu, kama pana moto. Hapana, anaambiwa, pazuri. Anashukuru, anaondoka. Wifi alikata kila kioo kama anaagana nacho. Nilijaribu kumdodosa kaka, akaniambia nishughulike na vipimo vyangu.

Asubuhi moja nikafungua duka nikamkuta ameshaibeba. Meza nzima, begani, miguu juu, na nyuma yake fundi bomba ana mfuko wa vyuma. Wifi alisimama kwenye ule mlango wa katikati, mkono mdomoni. Hakuuliza kitu. Mimi ndiye niliyeuliza, na sikuuliza kwa adabu, nilimwita kaka yangu majina ambayo mama yetu angenichapia. Nilimwambia kama ana moyo wa kuuza kazi ya mkewe, auze na kiti changu.

"Pisha," akasema. "Unanizibia njia."

Hakwenda mlangoni. Alikwenda ukutani, upande ule wa jikoni, akaitua meza taratibu, akaisogeza, akarudi nyuma kutazama kama imenyooka. Kisha akamwonyesha fundi bomba mahali pa kutoboa. Kumbe anaweka sinki. Sinki dukani, hatua moja kutoka mezani, na juu yake rafu ya kopo. Akasema, akiwa ameelekea ukuta na si sisi, kwamba si busara mtu anayetoka damu kuvuka mlango mpaka jikoni kutafuta maji. Wifi alikaa kwenye kiti changu akalia. Kaka hakuweza kulitazama hilo pia, akaenda kumsimamia fundi bomba aliyekuwa hahitaji kusimamiwa.

Jikoni tumemstaafisha, kwa makofi na vigelegele. Wimbo wa puani umerudi.

Wala wifi hajaacha kukatwa. Juzi tu alikuwa anaokota kipande cha mwisho, kile kidogo chenye hila, kikampata chini ya kidole gumba. Akakunja ngumi. Nikainuka kufunga mlango, kwa mazoea, lakini safari hii hakusema mlango. Alimwita mumewe, aliyekuwa nje anapakia fremu. Kaka akaingia, akaona ngumi, akameza mate. Nikasogeza ndoo tayari. Wakati mkewe anaosha pale kwenye sinki, yeye alikwenda akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa, asiwe na umbali wa kuanguka. Akafumba macho, akanyoosha mkono mmoja.

Mimi nilikuwa nimeshachukua kitambaa. Wifi akaninyang'anya.

"Wewe unachungulia," akasema, akaenda kuketi ubavuni pa mumewe, akaweka kitambaa juu ya kidonda na mkono wake ndani ya mkono wa kaka.

Kaka akabana. Jasho lilikuwa linamtiririka, midomo imebadilika rangi, macho ameyafumba kwa nguvu kama anayepakwa sabuni, lakini mkono haukulegea hata kidogo. Katika miaka yangu yote ya kubana sijawahi kubana hivyo. Mtu yule hawezi kuchungulia hata umlipe.

"Bado?" akauliza.

"Bado," akasema wifi.

Nilitazama saa ya ukutani. Muda ulikuwa umeshapita zamani, damu imeshakoma, na wifi alikuwa ameiona saa ile ile ninayoiona mimi. Akaegemeza kichwa begani kwa mumewe.

"Bado kidogo," akasema.